Kisu cha Meno: Kuchagua na Kufunga Mashine ya Kukatia Mpunga kwenye Pawa Tila Kuukuu

Ukitaka kuijua mashine ya kukatia mpunga, iache ipite, halafu inama uyatazame mashina iliyoyaacha nyuma. Kisu kizima huacha mashina ya kimo kimoja, yaliyokatika mara moja, midomo yake safi na wazi. Kisu kibovu huacha mashina yaliyochanika nyuzinyuzi, mengine yamelalia kule mashine ilikoelekea, mengine yameng'oka na tope la mizizi. Muuzaji anaweza kupaka rangi mpya, kubandika stika na kuosha injini kwa dizeli mpaka ing'ae. Mashina hayapakiki rangi. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa juu ya meno, vidole, mikanda na puli kinarudi kwenye mashina hayo.

Nawaandikia hasa wakulima wa Mohoro na majirani zao wa bonde la Rufiji, kuanzia Ikwiriri na Utete hadi vijiji vya delta upande wa Kibiti, wenye pawa tila kuukuu ambayo bado inawaka na wanataka ifanye zaidi ya kulima na kuvuta tela. Pawa tila nyingi ziliingia nchini baada ya mpango wa Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Zimelima, zimebeba magunia, zimesomba matofali na mchanga, na si chache zimeishia chini ya mwembe, injini nzima, gia boksi imechoka. Injini ya silinda moja aina ya S195, yenye nguvu za farasi 12, inatosha kabisa kuendesha kisu chenye upana wa mita moja au mita na robo. Kinachokosekana ni kisu chenyewe na mtu wa kukifunga sawasawa.

Kisu hiki ni cha zamani kuliko trekta. Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake ya kuvunia nchini Marekani mwaka 1833, na Cyrus McCormick akapata ya kwake mwaka 1834, zote zikivutwa na farasi. Wazo la Hussey, la meno ya pembetatu yanayokwenda na kurudi ndani ya vidole vya chuma, ndilo linalokata mpaka leo mbele ya kombaini kubwa za Mbarali na Kilombero. Huko Italia, Luigi Castoldi alianzisha kampuni ya BCS mwaka 1943 kwa mashine ndogo ya kukatia majani yenye kisu cha aina hiyohiyo, mtu akitembea nyuma yake ameshika mipini. Wapenda trekta ndogo za zamani wa Ulaya na Marekani wanazitafuta mpaka sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, ya Los Baños nchini Ufilipino, ikishirikiana na wahandisi wa China, ilikiweka kisu hicho kwenye umbo linalotufaa sisi: kinafungwa mbele ya pawa tila, na juu yake kuna mikanda yenye vijiti inayoupokea mpunga ukiwa umesimama, kuupeleka pembeni na kuulaza chini kwa mstari. Watu wengi huiita ripa.

Faida ya uzee huo kwa mnunuzi ni kwamba kanuni hazijabadilika. Mtu aliyejua kukagua kisu cha Massey Ferguson 135 cha miaka ya 1960 anaweza kukagua ripa iliyoshushwa bandarini mwaka jana, na mara nyingine vipuri vya kimoja huokoa kingine.

Pa kutafutia ni pengi kuliko watu wanavyodhani. Anzia kwenye mabonde ambako kombaini zimeshika uvunaji, Mbarali, Kapunga, Dakawa na Kilombero, kwa sababu aliyezoea kombaini haikumbuki ripa yake. Pili, ulizia kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa na ranchi za zamani. Huko kuna visu vya kukatia majani ya malisho vilivyokuwa vikifungwa nyuma au ubavuni mwa trekta, na sasa vimeegemea ukuta. Tatu, zitazame kombaini zilizokufa. Kichwa cha kombaini iliyokwisha ni ghala la meno, vidole na mabamba. Mwisho ni Dar es Salaam, Kariakoo na Gerezani, ambako utapata vipuri vipya na mafundi wa kuchonga kile kisichopatikana. Usiende Gerezani na picha kwenye simu peke yake. Nenda na jino lenyewe mkononi, kwa sababu meno mawili yanayofanana kwa jicho yanaweza kupishana nafasi ya matundu ya ribiti kwa milimita chache, na milimita hizo zinatosha kukurudisha Mohoro mikono mitupu kupitia Daraja la Mkapa.

Sasa tuingie kwenye kisu chenyewe, na hapa sitakuwa na haraka.

Kisu cha meno hukata kama mkasi. Kuna makali mawili, na yote mawili lazima yawepo. Ya kwanza ni ya jino, lile la pembetatu linalokwenda na kurudi. Ya pili yako ndani ya kidole, kwenye bamba dogo la chuma kigumu ambalo jino linapita juu yake. Wanunuzi wengi hutazama meno tu. Wanapitisha kidole gumba, wanaona makali, wanalipa. Kumbe bamba la chini limeshakuwa duara ukingoni, na jino kali likipita juu ya bamba butu, shina linajipenyeza katikati, linakunjwa na kutafunwa. Ukiona mashina yaliyochanika nyuzi, mara nyingi ugonjwa uko kwenye bamba na dawa inapelekwa kwenye meno. Kwa hiyo pindua kichwa chako chini ya kila kidole, kimoja baada ya kingine, na uguse ukingo wa bamba. Ukingo uwe na kona unayoihisi kwenye ukucha. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hesabu bamba hilo kuwa limekwisha na ulitoe kwenye bei.

Meno yenyewe ni ya aina mbili. Kuna meno laini ambayo ukingo wake umenolewa kwa mteremko, na kuna meno yenye vimsumeno ukingoni. Laini hufaa majani mabichi ya malisho, na hunoleka tena na tena. Yenye vimsumeno hufaa mpunga na ngano, kwa sababu bua kavu, gumu na lenye utelezi huteleza juu ya makali laini lakini hushikwa na msumeno. Zaidi ya hayo, majani na mabua ya mpunga yana silika nyingi, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, nayo hula makali haraka. Kwa Mohoro, nunua yenye vimsumeno. Na ukishayanunua, usiyanoe. Kila anayepitisha grenda kwenye jino la msumeno analigeuza kuwa jino laini lililo baya. Likichoka, libadilishwe.

Kwa meno laini, kuna dalili moja ya kutafuta kabla ya kitu kingine chochote, nayo ni rangi ya buluu ukingoni. Jino huundwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, na makali yake hukazwa kwa moto ili yadumu. Fundi mwenye pupa akikandamiza grenda mahali pamoja, chuma kinapata moto kupita kiasi, kinageuka rangi ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu hiyo maana yake ugumu umetoka. Jino hilo litang'aa leo, na kesho jioni litakuwa butu. Hakikisha kwa tupa ndogo. Ipitishe kwenye makali: kwenye jino zima tupa huteleza na kulia, haishiki. Kisha ipitishe karibu na matundu ya ribiti: hapo itauma kidogo, kwa kuwa sehemu ile huachwa laini zaidi ili jino lisipasuke linapogongwa ribiti. Jino linaloumwa na tupa mpaka kwenye makali ni bati tu, hata liwe jipya ndani ya karatasi. Na yapo mengi ya namna hiyo sokoni, ya bei ndogo, yanayovutia macho. Sijaona sababu ya kuyanunua.

Kisha pima hatua ya kisu. Kwenye visu vingi vya trekta na kombaini, umbali kati ya ncha ya jino na ncha ya jino linalofuata ni milimita 76.2, yaani inchi tatu kamili. Mashine ndogo huweza kuwa na meno membamba zaidi yaliyokaribiana. Kwenye kisu cha kawaida, mwendo wa kisu kutoka upande mmoja hadi mwingine unalingana na umbali huo, ili kila jino litoke katikati ya kidole kimoja na kufika katikati ya kidole cha jirani. Zungusha puli kwa mkono taratibu mpaka kisu kifike mwisho wa safari yake upande wa kushoto. Tazama: ncha za meno zimekaa katikati ya vidole? Zungusha tena mpaka mwisho wa kulia, utazame tena. Zikiwa zimepita upande mmoja na kupungukiwa upande mwingine, fimbo inayosukuma kisu ina urefu usiofaa, au imepinda, au mtu ameitengeneza nyumbani kwa kukisia. Mashine ya namna hiyo hukata ukanda mmoja vizuri na kuacha mwingine umesimama, na mwenyewe ataapa kwamba tatizo ni mpunga.

Vidole vinataka mshipi. Nasema mshipi wa kuvulia samaki hasa, ambao haukosekani katika nyumba yoyote ya delta na hauvutiki kama uzi wa kushonea. Ufunge kwenye kidole cha kwanza, uupitishe juu ya mabamba yote mpaka kidole cha mwisho, uukaze. Kila bamba liguse mshipi kwa wepesi uleule. Penye mwanga chini ya mshipi, kidole kimeshuka. Panapousukuma juu, kimepanda. Kidole cha chuma cha kufuliwa kikipinda hunyooshwa kwa kipande cha bomba na subira. Cha chuma cha kumimina kinaweza kuvunjika mkononi, kwa hiyo kabla ya kukinyoosha kigonge taratibu kwa spana na usikilize. Kizima hulia kwa sauti ndefu. Chenye ufa hujibu kwa sauti fupi, iliyokufa. Fanya hivyo kwa vidole vyote, hata kama muuzaji anakutazama kwa kuchoka.

Juu ya kisu kuna vishikizo, vile vibamba vinavyokizuia kisu kisinyanyuke kutoka kwenye mabamba ya vidole. Nafasi inayotakiwa chini yake ni ndogo sana, chini ya milimita moja. Shika kichwa cha kisu, mkanda ukiwa umetolewa, ukivute na kukisukuma. Kinapaswa kwenda bila kukwaruza na bila kuruka. Kikikwama, kishikizo kimegongwa mno. Ukiweza kukiinua kisu kwa kidole kimoja mpaka uone pengo, shina litapita kwenye pengo hilo na kuziba. Hiyo ni kazi ya nyundo na dakika chache, wala usikatae mashine kwa sababu yake. Itumie kupunguza bei.

Palipolegea kwenye fimbo na kwenye pini yake ni jambo jingine. Shika fimbo, itikise mbele na nyuma bila kuizungusha puli. Ukisikia kugonga, bushi au beringi imekula. Kisu kinachokwenda na kurudi mamia ya mara kwa dakika hukigeuza kilegeo kidogo kuwa nyundo, na nyundo hiyo hukata boliti, hupasua kichwa cha kisu, hatimaye huchana fremu. Angalia fremu karibu na pini: mistari ya kuchomelea iliyorundikana juu ya mistari mingine ya kuchomelea inakueleza kwamba kilegeo hicho ni cha miaka, na hakuna aliyekitibu kwenye shina lake.

Hapa bondeni kuna ukaguzi mmoja zaidi ambao kitabu cha kiwandani hakiutaji. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliingia katika vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, Mohoro ikiwamo, na mashine nyingi zililala majini. Mto ukishuka huacha matope laini yanayopenya kila mahali. Mashine iliyozama huoshwa, hupakwa rangi, huuzwa. Kutu ya nje si neno, husuguliwa. Tazama ndani: fungua kifuniko cha beringi ya puli, ingiza kijiti kwenye grisi, ukipake kwenye kiganja. Grisi nzuri hata ikiwa nyeusi huteleza. Iliyonywa maji hugeuka rangi ya maziwa, na yenye matope hukwaruza kati ya vidole. Zungusha beringi kwa mkono karibu na sikio. Inayokoroma ibadilishwe kabla haijafungwa popote. Na kwa mashine iliyokaa Nyamisati, Mbwera au popote hewa ya chumvi inapofika, kagua ribiti moja moja. Chumvi huanza kula chini ya kichwa cha ribiti, na jino linalocheza hata kidogo tu litakatika shambani.

Kubadilisha jino ni kazi inayopendeza kuitazama ikifanywa na mtu anayeijua. Kisu hutolewa chote kwenye mashine. Fundi hukiegemeza juu ya fuawe, au kipande cha reli, meno yakitazama chini na mgongo wa kisu ukiwa umekaa imara kwenye ukingo wa chuma. Ukingo wa nyuma wa jino hutokeza kidogo kupita mgongo. Hapo ndipo nyundo inapopiga, pigo moja au mawili mazito, na ribiti zote mbili hukatika kwa pamoja, jino likaanguka chini. Asiyejua huanza kutoboa ribiti kwa drili, hupanua tundu, na kuanzia hapo hakuna jino litakalokaa tena pale. Jino jipya huwekwa, ribiti baridi huingizwa kutoka chini, na kichwa chake hufinyangwa kwa mapigo mepesi ya kuzunguka mpaka kiwe kuba. Mwishoni fundi hushika ncha ya jino na kujaribu kulitikisa. Likitikisika hata kidogo, anakata na kuanza upya. Ukimwona fundi anayeridhika na jino linalotikisika, au anayechomelea jino kwenye mgongo kwa welding, mlipe ulichotumia na uchukue kisu chako. Moto wa kuchomelea hulainisha jino, hupindisha mgongo, na kisu kilichopinda hakikati tena sawa.

Tuje kwenye kufunga. Pawa tila kuukuu ina mambo matatu ya kulinganisha na ripa: kimo, uzito na kasi.

Kimo ni rahisi. Weka pawa tila mahali tambarare, na magurudumu yaleyale utakayovunia, kwa sababu magurudumu ya chuma na ya mpira hupishana kimo na kisu hupanda au kushuka pamoja nayo. Kisu kiwe sambamba na ardhi, kikielea kama sentimita 5 hadi 10 juu yake, viatu vyake vya pembeni vikigusa kwa wepesi. Chini ya hapo kitachimba udongo wa mbuga na kujaza vidole matope.

Uzito husahauliwa. Ripa imening'inia mbele ya ekseli, na mipini itataka kuinuka mikononi mwako. Mwendeshaji anayepigana na mipini siku nzima hawezi kukata kimo kimoja. Weka uzito nyuma, ama kiti chenye gurudumu dogo ama chuma kilichofungwa vizuri, mpaka mipini itulie kiunoni yenyewe. Boliti za kufungia ripa ziingie kwenye matundu ya kiwandani ya fremu. Fremu zikitofautiana, chonga bamba la kati na ulifunge kwa boliti. Usichomelee ripa moja kwa moja kwenye fremu ya pawa tila, kwa maana baada ya mavuno utaitaka pawa tila yako irudi kulima.

Kasi ndiyo inayowashinda wengi, na ni hesabu ya darasa la sita. Chukua injini unayoiendesha kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, yenye puli ya milimita 100. Ukiunganisha kwa mkanda na puli ya milimita 300 upande wa ripa, puli hiyo itazunguka mara 500. Pini ya kisu ikiwa kwenye mhimili huohuo, kisu kitakwenda na kurudi mara 500 kwa dakika. Kwa mwendo wa milimita 76 kila upande, kisu kinasafiri wastani wa mita 1.27 kwa sekunde. Wewe, ukitembea kilomita 3 kwa saa nyuma ya pawa tila, unakwenda mita 0.83 kwa sekunde. Kisu kinakushinda kwa nusu ya mwendo wako, na mpunga unakatwa kabla haujasukumwa. Sasa weka gia ya juu, utembee kilomita 5 kwa saa, yaani mita 1.39 kwa sekunde. Umekipita kisu. Mashina yanalazwa mbele kabla ya kukatwa, yanachanika, yanaziba. Wengi hapo huongeza mafuta wakidhani injini haina nguvu. Wangeshusha gia tu. Kabla ya kununua puli, pima ile ya injini yako kwa rula, maana pawa tila iliyotengenezwa mara nyingi huwa imeshabadilishwa puli na mmiliki wa kwanza.

Puli mbili zikae kwenye mstari mmoja. Rula ndefu au mshipi uleule utakuonyesha. Mkanda uliokaa upande huliwa ubavu mmoja na kutoka katikati ya kazi. Ukazwe kiasi kwamba ukiusukuma katikati kwa kidole gumba unazama kidogo. Na uwekewe kifuniko, hata cha bati. Nguo, khanga na mkono huvutwa na mkanda haraka kuliko mtu anavyoweza kupiga kelele. Kisu kikiziba, injini izimwe kabisa ndipo mtu ainame. Klachi haitoshi, kwa sababu klachi ya pawa tila kuukuu hushika yenyewe. Jambo hili lisemwe kwa vijana wote wanaoshika mipini, kila asubuhi.

Kwa wenye Massey na kisu cha ubavuni, neno moja la ziada. Kisu kinachotokeza upande mmoja husukumwa nyuma na majani kikiwa kazini, kwa hiyo ncha yake ya nje hutangulizwa kidogo kuliko ya ndani, kama sentimita 2 kwa kila mita ya urefu. Ukikikuta kimebaki nyuma hata kabla ya kuanza kazi, bawaba za shina lake zimekula. Ripa ya mbele haina shida hiyo. Yenyewe inataka kukaa mraba tu na pawa tila.

Shamba nalo lina sehemu yake. Ripa inataka mpunga uliosimama. Mpunga mrefu wa Supa uliolazwa na upepo na mvua uvunwe kwa mundu, na hakuna aibu katika hilo. Aina fupi zenye bua imara kama SARO 5 ndizo zinazoikubali mashine. Vuna punje 80 hadi 85 kati ya kila 100 zikishageuka rangi ya majani makavu. Ukingoja zikauke zote, mikanda ya ripa itazipukutisha chini na ndege watakushukuru. Kabla ya hapo, tembea shamba zima na fito mkononi. Mto wetu ukipanda huleta magogo, vigingi vya madungu ya zamani, mawe ya jikoni na waya, na vyote hujificha ndani ya mpunga. Weka alama kwenye kila kimoja. Matete yaliyo pembezoni ukate kwa panga kwanza. Shina moja la tete lililokomaa linaweza kukunja jino ambalo mpunga wa msimu mzima usingelifanya kitu.

Baada ya kila siku ya kazi, osha kisu kwa maji safi, kikaushe, kipake oili iliyotumika. Msimu ukiisha kitolewe, kifungwe kwenye gunia na kitundikwe darini, juu ya kimo cha maji ya mwaka mbaya.

Ukienda kununua, chukua tupa ndogo, mshipi, rula na spana. Kagua kisu kwanza, injini baadaye, kwa sababu fundi wa injini yuko kila kijiji na fundi wa kisu ni wa kutafutwa. Kisu chenye mgongo ulionyooka, vidole vizima na meno yaliyochoka ni cha kununua, kwani meno hupatikana. Chenye meno mapya ya kung'aa juu ya mgongo uliopinda kiache hapohapo. Na kabla ya kutoa pesa, omba mashine iwashwe na ikate nyasi zozote zilizo karibu, hata hatua kumi. Muuzaji akikataa, mshukuru na uondoke.